Kuijua Kalenda ya Jirani

Sheria ya Sikukuu za Umma ya Kenya, Sura ya 110, ina jedwali lenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, Krismasi, Ijumaa Kuu, Jumatatu ya Pasaka na Idd-ul-Fitr ni siku za mapumziko kwa kila mtu. Katika sehemu ya pili, Idd-ul-Azha imetengewa Waislamu, na Diwali Wahindu. Anayesoma jedwali hilo bila kuwajua watu wa Nakuru atadhani kwamba Diwali ni shughuli ya familia chache zilizojifungia majumbani mwao. Sivyo. Duka la Mhindi likifungwa siku hiyo, mfanyakazi wake Mkristo anajua sababu, mteja wake Mwislamu anajua pia, na heri hutumwa na wote wawili. Mara nyingi watu husifu jambo hili kama tunda la mahubiri ya kuvumiliana. Kwa maoni yangu, asili yake ni ya chini zaidi na imara zaidi: katika Bonde la Ufa la kati, watu walianza kutakiana heri kwa sababu kazi na biashara ziliwalazimu kuijua kalenda ya jirani.

Ushahidi unaanza kabla ya mji wa Nakuru wenyewe kuwapo. Katika miaka ya 1880 misafara ya Waswahili kutoka Pangani na Mombasa ilipita Naivasha na kwenda hadi Njemps, kusini mwa Ziwa Baringo, mahali pa kununulia chakula cha safari. Mskochi Joseph Thomson alipovuka nchi ya Wamaasai mwaka 1883, mmoja wa waliomwongoza alikuwa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani aliyezijua njia hizo. Baadaye askari wa Kisudani, Waislamu, waliwekwa Eldama Ravine, na ni hapo maasi yao ya 1897 yalipoanzia. Kisha ikaja reli. Ilianza Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na iliajiri vibarua karibu 32,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi: Waislamu, Masingasinga na Wahindu waliofanya kazi kwenye reli moja. Zaidi ya 6,700 walibaki Afrika Mashariki. Kwa hiyo Nakuru, iliyotangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904, haikupata kuwa na enzi ya dini moja ambayo baadaye iliingiliwa na wageni. Mwislamu na Singasinga walikuwa stesheni tangu treni za mwanzo, kabla makanisa mengi ya mji huu hayajapandishwa kuta.

Ukoloni ulifanya kila uwezalo kuwatenganisha watu hawa. Wazungu walikuwa na mitaa yao, Wahindi yao, Waafrika yao, na mashamba ya nyanda za juu yakahifadhiwa kwa walowezi. Lakini mpaka huo ulikuwa na tundu moja, nalo ni kaunta ya duka. Mkulima aliyetaka jembe, sukari au mkopo wa mwezi mmoja alihitaji kujua duka litafungwa lini, na mwenye duka alihitaji kujua ni lini wateja wake watataka nguo mpya za watoto. Machinjio nayo yalifanya kazi hiyohiyo. Katika miji mingi ya Kenya desturi ni mnyama achinjwe na Mwislamu ili nyama iuzwe kwa wote, na hivyo mbuzi wa Krismasi hufika mezani kwa Mkristo baada ya kusomewa bismillahi. Sidhani kuna mkutano wa maridhiano uliowahi kuwafunga watu pamoja kama kitoweo hicho.

Lugha nayo ilisaidia, na jambo hili halijapewa uzito unaostahili. Neno "heri" asili yake ni Kiarabu, lakini Biblia ya Kiswahili imelipokea, na hakuna Mkristo anayelisikia kuwa la msikitini. "Sikukuu" ni siku iliyo kuu, basi. Haisemi ni kuu kwa nani. Anayemwambia jirani "heri ya sikukuu" hajatamka imani ya mtu yeyote. Walipokutana Mkipsigis, Mkikuyu, Mnubi na Mgujarati katika mji mmoja, walikuta Kiswahili kimeshaandaa salamu ambayo kila mmoja angeweza kuitoa bila kujisaliti.

Wapo wanaopinga, na hoja yao si ya kudharauliwa. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa karne ya 14, aliandika kwamba kumpongeza asiye Mwislamu kwa sikukuu ya dini yake ni haramu, na hadi leo wapo masheikh wanaomfuata. Upande wa Wakristo, Mashahidi wa Yehova hawaadhimishi Krismasi yenyewe, seuze Diwali. Lakini maoni hayo si ya wote. Yusuf al-Qaradawi aliruhusu pongezi hizo kwa kutegemea aya ya 8 ya Surat al-Mumtahina, inayohusu kuwatendea wema wasiowapiga vita Waislamu. Vatikani imekuwa ikiwatumia Waislamu ujumbe wa mwisho wa Ramadhani tangu 1967, na Wahindu ujumbe wa Diwali tangu 1995. Mimi naona tofauti kati ya kushiriki ibada na kukiri kwamba leo ni siku ya jirani. Hata hivyo, anayenyamaza kwa sababu ya dhamiri yake asihesabiwe adui. Heri inayodaiwa kwa nguvu imegeuka kodi.

Pingamizi zito zaidi ni la historia ya hapa kwetu. Mwaka 2007 Idd-ul-Azha iliangukia kama wiki moja kabla ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, na Krismasi siku mbili kabla yake. Heri zilitumwa kama kawaida. Kufikia mwisho wa Januari 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi huo, watu walikuwa wakiuawa Nakuru na Naivasha, na uwanja wa maonyesho ya kilimo wa Nakuru ulikuwa umejaa waliofukuzwa makwao. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini kote. Basi salamu zilikuwa na faida gani? Lazima tujibu kwa uaminifu. Waliokabiliana hapa kwa sehemu kubwa walikuwa Wakristo kwa Wakristo, watu wa Krismasi moja, waliogawanywa na kura na ardhi. Heri ya sikukuu haikuzuia chochote, na anayeiuza kama kinga ya vita anawakosea waliofiwa. Wala siwezi kudai kwamba dini zilinusurika kwa sababu ya salamu. Zilinusurika zaidi kwa sababu ugomvi wa mashamba haukuwa umepangwa kwa mistari ya dini. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho: chuki ya namna ile huanza kwa kumwita jirani mgeni asiye na kwao, na ni vigumu kumwita hivyo mtu ambaye siku zake kuu unazihesabu pamoja na zako. Mabango ya wanasiasa yenye picha zao na maneno "Idd Mubarak" hayafanyi kazi hiyo. Sahani ya pilau inayobisha hodi mlangoni, na isiyorudi tupu, inaifanya.

Sheria inaifuata desturi polepole. Miaka ya karibuni serikali imekuwa ikitangaza Idd-ul-Azha katika gazeti rasmi kuwa mapumziko ya wote, ingawa jedwali lenyewe bado linasema ni ya Waislamu. Diwali imebaki palepale. Mwezi nao hausubiri bunge: mwaka wa Kiislamu ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, hivyo Idi huzunguka misimu yote. Mwaka 2000 Idd-ul-Fitr iliangukia tarehe 27 Desemba, na watoto wa Nakuru wakapata nguo mpya za nyumba zote ndani ya juma moja. Kwa hesabu ya wanajimu, itarudi karibu na Krismasi Desemba 2033, tarehe 23 au 24, kutegemea mwandamo.