Mke Aliyechorwa Alikuwa Mchoraji Pia

Kabla hatujaanza, tazama ukuta wa sebule yako. Huenda kuna picha ya mama au ya bibi, amekaa, amevaa nguo yake nzuri. Je, picha hiyo inakuambia mikono yake ilijua kazi gani?

Swali hilo linatupeleka hadi Istanbul, nchini Uturuki. Huko alizaliwa Feyhaman Duran mwaka 1886. Alisomea uchoraji Paris, akarudi nyumbani vita vya dunia vilipoanza mwaka 1914. Alisifika kwa kuchora sura za watu, hata za wakuu wa nchi. Lakini alimchora pia mtu wa nyumbani mwake: mkewe, Güzin.

Güzin hakuwa mke wa kukaa na kuchorwa tu. Babu yake, Yahya Hilmi Efendi, alikuwa fundi wa khati, yaani sanaa ya kuandika herufi za Kiarabu kwa uzuri. Shule ya sanaa ya Istanbul ilifunguliwa mwaka 1883, nayo ilikuwa ya wanaume. Wasichana walisubiri miaka 31, hadi 1914, ndipo wakapata shule yao. Güzin alisoma hapo, na Feyhaman alikuwa mmoja wa walimu. Walioana mwaka 1922.

Basi unapoiona sura ya Güzin katika picha za mumewe, kumbuka kwamba aliyekaa kwenye kiti naye alijua kuchanganya rangi. Hata hivyo, likitajwa jina Duran, wengi humkumbuka mume. Picha ilihifadhi uso wa Güzin. Haikutosha kuhifadhi kazi yake.

Kilichosaidia ni nyumba. Nyumba ya babu yake Güzin, ambamo wawili hao waliishi na kuchora, iliachwa mikononi mwa Chuo Kikuu cha Istanbul. Feyhaman alifariki mwaka 1970, Güzin mwaka 1981. Kwa kuwa nyumba ilitunzwa, tunaweza kuwataja wote wawili kuwa wachoraji.

Usidhani ni habari ya Waturuki peke yao. Rosemary Karuga, Mkenya, alisoma Makerere mwanzoni mwa miaka ya 1950, akawa mwanamke wa kwanza kuhitimu sanaa pale. Kisha akafundisha shuleni kwa miaka mingi, na sanaa yake ikakaa kando. Alipoirudia katika miaka ya 1980, alikata karatasi za pakiti za unga na sabuni, akazibandika zikawa picha za watu na wanyama. Mwaka 1990 kazi zake zilionyeshwa New York. Asingeirudia, tungempoteza.

Msikilizaji, mama yako huenda alisuka mikeka, alifinyanga vyungu au alishona vitambaa. Leo jioni, shusha ile picha ukutani. Nyuma yake andika jina lake kamili, mwaka, na kazi aliyoijua. Kama mzee yupo, muulize mwenyewe. Kisha tafuta kitu kimoja alichokitengeneza, ukiweke mahali pakavu pasipofikiwa na mchwa. Wajukuu wakiuliza alikuwa nani, usiwaonyeshe uso tu. Waonyeshe na kazi yake.