Nyumba ya Akina Trip

Ukifika Amsterdam, kando ya mfereji wa Kloveniersburgwal, inua macho utazame paa la nyumba namba 29. Dohani zake zimejengwa kwa umbo la mizinga mifupi, ile ya kuvurumishia makombora juu ya kuta za ngome. Matajiri wengi huficha mali yao ilikotoka. Hawa waliipandisha darini.

Mwaka 1603 Jacob Trip, mfanyabiashara wa Dordrecht, alimwoa Margaretha de Geer. Kaka yake bibi huyo, Louis de Geer, ndiye aliyekuja kushika viwanda vya chuma vya Sweden, nchi yenye mawe ya chuma, misitu ya kuchomea makaa na mito ya kuendeshea mivukuto. Mzinga wa chuma ni mzito kuliko wa shaba, lakini bei yake ilikuwa chini sana, na Ulaya ya siku zile ilipigana mwaka hata mwaka. De Geer hakutosheka. Mwaka 1649 alianzisha Kampuni ya Afrika ya Sweden, ikaweka kituo Cabo Corso, katika Ghana ya leo, kutafuta dhahabu na watumwa.

Wana wa Jacob, Louis na Hendrick, walishika njia ya mjomba wao: mizinga, chuma na lami ya meli. Kati ya 1660 na 1662 Justus Vingboons, aliyewahi kujenga Stockholm, aliwajengea nyumba mbili nyuma ya uso mmoja. Madirisha ya katikati ni ya bandia, maana ukuta unaowatenganisha ndugu hao umepita hapohapo.

Rembrandt aliwachora wazazi wao uzeeni, mama akiwa na kola pana iliyokwisha kupitwa na wakati. Picha hizo sasa ziko London. Allart van Everdingen, aliyekuwa ametembea Skandinavia, alichora kiwanda cha mizinga cha Hendrick huko Sweden kama mandhari ya kupendeza tu. Ferdinand Bol naye, mwaka 1663, alimvika Margarita, binti wa Louis, sura ya Minerva, mungu wa hekima na vita, akimfundisha mdogo wake. Kwangu mimi hiyo ndiyo picha yenye ujasiri kuliko zote.

Hendrick alifariki 1666. Louis akawa meya wa Amsterdam mwaka 1674. Kuanzia 1817 hadi 1885 nyumba ilikuwa makumbusho ya taifa, na Zamu ya Usiku ya Rembrandt, yenye raia walioshika bunduki, ilitundikwa humo. Siku hizi ni makao ya Akademia ya Sayansi ya Uholanzi.