Nani Mwulizaji? Historia Fupi ya Filamu za Elimu na Mwanafunzi wa Kiafrika

Utangulizi

Mwaka 1935, huko Vugiri katika milima ya Usambara, nchini Tanganyika, palianzishwa karakana ya sinema. Madhumuni yake yalikuwa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika juu ya afya, kilimo, fedha na utawala. Waigizaji walikuwa Waafrika, na maelezo yalitiwa kwa Kiswahili na kwa lugha nyinginezo za Kiafrika. Miaka sabini na kitu baadaye, katika miaka ya 2010, shule za upili za Kenya zilianza kushindana kwa filamu fupi katika tamasha lile lile la kitaifa ambalo kwa muda mrefu lilikuwa la michezo ya kuigiza, mashairi na ngoma. Filamu nyingi kati ya hizo zinahusu matatizo ya jamii: ulevi, mimba za mapema, ufisadi, ukeketaji, ukabila.

Aghalabu historia iliyo kati ya matukio hayo mawili husimuliwa kama historia ya chombo. Kamera ilikuwa kubwa ikawa ndogo, ilikuwa ghali ikawa rahisi, ikatoka mikononi mwa Mzungu ikaingia mikononi mwa mtoto wa shule. Masimulizi hayo si ya uongo, lakini ni nusu ya kweli. Filamu yoyote inayohusu tatizo la jamii ina kazi tatu ndani yake: kuuliza swali, kushika kamera, na kuamua ni nani ataitazama na kuijibu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hizo tatu hazikuhama pamoja, na kwamba iliyochelewa kumfikia mwanafunzi ni ile ya kwanza, yaani kuuliza.

Vugiri na lugha ya amri

Wazo la Vugiri halikuzaliwa Usambara. Lilitokana na J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misheni, ambaye aliongoza uchunguzi juu ya athari za migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Matokeo ya uchunguzi huo yalichapishwa mwaka 1933. Fedha nyingi za jaribio zilitoka kwa Shirika la Carnegie la New York. Shughuli yenyewe iliendeshwa na L. A. Notcutt pamoja na G. C. Latham, ambaye hapo awali alikuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika huko Rhodesia ya Kaskazini. Hadi lilipokoma mwaka 1937 jaribio hilo lilikuwa limetoa filamu 35. Sauti ilirekodiwa katika santuri zilizopigwa sambamba na picha, na vifaa vyote vilisafirishwa kwa lori na kuonyeshwa kwa watu wa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini.

Mfano mmoja watosha. Katika filamu iliyohusu Benki ya Akiba ya Posta, wafanyakazi wawili wanapata ujira wao. Mmoja anaufukia ardhini na mwizi anauiba. Mwenzake anauweka benki na kufaidika. Funzo liko wazi, na hapana shaka kwamba kuweka akiba ni jambo jema. Walakini filamu hiyo haimwulizi mtazamaji kitu. Haiulizi kwa nini ujira ule ni mdogo, wala kwa nini mtu alazimike kuiacha jamaa yake aende kuutafuta mbali. Swali limekwisha kuulizwa na kujibiwa na watu wengine kabla kamera haijafunguliwa. Kwa mtazamo wa lugha, hata pale ambapo msimulizi hakutumia kitenzi cha kuamuru, muundo wa kisa chenyewe ulikuwa amri: fanya hivi, usifanye vile.

Yafaa kutenda haki na kukiri kwamba filamu za Vugiri juu ya safura na malaria ya watoto zilishughulikia maradhi ya kweli. Kadhalika, uamuzi wa kutumia lugha za Kiafrika ulionyesha heshima fulani kwa watazamaji. Lakini lugha ya Kiafrika ilitumika kama chombo cha kupokelea tu. Mtazamaji aliweza kusikia kwa Kiswahili, ila hapakuwa na njia ya kujibu kwa Kiswahili.

Ufundi bila swali

Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu za Makoloni, ambacho kilidumu hadi mwaka 1955. Kiongozi wake, William Sellers, alikuwa amefanya kazi ya afya nchini Nigeria, na aliamini kwamba Mwafrika asiyesoma hawezi kufuata picha zinazobadilika upesi. Kwa hiyo alisisitiza filamu za mwendo wa pole, zenye picha ndefu na jambo moja tu kwa wakati mmoja. Nadharia hiyo ilimweka mtazamaji wa Kiafrika katika daraja la mtoto wa milele.

Mwaka 1948 Kitengo hicho kilifungua darasa mjini Accra na kuwafundisha vijana sita, watatu wa Gold Coast na watatu wa Nigeria, jinsi ya kupiga na kuhariri picha. Hapa kazi ya pili, ya kushika kamera, ilianza kuhama, na matunda yake hayakuwa haba: Sam Aryeetey, mmoja wa vijana hao, baadaye aliongoza shirika la filamu la Ghana huru. Hata hivyo, fundi aliyehitimu aliajiriwa katika idara ya serikali, na idara ndiyo iliyoamua filamu itahusu nini. Mkono ulikuwa wa Mwafrika. Swali bado lilikuwa la ofisi.

Kamera inayorudi kwa wenyewe

Badiliko kubwa lilianza mbali na Afrika. Mwaka 1967, katika kisiwa cha Fogo nchini Kanada, wavuvi waliokabiliwa na tishio la kuhamishwa walipigwa picha wakizungumza juu ya maisha yao. Picha zile zilionyeshwa kwanza kwao wenyewe, kisha kwa wakubwa wa serikali. Kwa njia hiyo wanakisiwa walijadiliana na kuwafikishia watawala hoja zao wenyewe. Tangu hapo watu wengi walioshughulika na maendeleo vijijini walianza kuiona filamu kama baraza.

Afrika ya Mashariki ililijua jambo hilo kwa karibu katika miaka ya 1990, wakati mradi wa maendeleo uliosaidiwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi ulipotumia video pamoja na wanavijiji. Wavuvi wa pwani ile walizungumzia uvuvi wa baruti, ambao ulikuwa ukiua samaki na kuvunja matumbawe, na picha zao zikawafikia watawala. Jambo la kuangaliwa hapa ni kwamba Kiswahili kilekile kilichopokelewa kutoka katika santuri za Vugiri sasa kilitumika kulaumu, kudai na kuuliza. Lugha ilikuwa moja. Kilichobadilika ni nafasi ya msemaji.

Wanafunzi wanaingia

Je, vijana wa shule walipata wapi nafasi hiyo? Mifano miwili ya nje ya Kenya yafaa kulinganishwa.

Wa kwanza ni shindano lililoanzishwa mwaka 1997 katika nchi za Senegal, Mali na Burkina Faso, ambalo baadaye lilienea kwingineko na kujulikana kwa jina la Scenarios from Africa. Vijana, wengi wao wanafunzi, waliombwa waandike visa juu ya ukimwi. Visa vilivyochaguliwa viligeuzwa kuwa filamu fupi na waongozaji mashuhuri, miongoni mwao Idrissa Ouédraogo na Fanta Régina Nacro wa Burkina Faso. Mpango huo uligeuza utaratibu wa Accra juu chini. Accra kijana alipewa kamera bila kisa. Hapa kijana alitoa kisa, na kamera ikabaki kwa mtu mzima. Pamoja na hayo mada yenyewe, ukimwi, ilikuwa imekwisha kuteuliwa.

Mfano wa pili ni wa KwaZulu-Natal, Afrika ya Kusini. Katika miaka ya 2000 watafiti wa chuo kikuu, akiwamo Claudia Mitchell, walifanya warsha za video na wanafunzi, walimu na wazazi wa shule za mashambani. Kila kikundi kilitaja matatizo yanayokisumbua, kikachagua moja kwa kura, kikachora mpangilio wa picha kwenye karatasi, ndipo kikashika kamera. Picha zilipigwa kwa mfululizo wake ili pasihitajike uhariri, na vikundi vikazitazama kazi zao siku ile ile. Wanafunzi walipoachiwa kuchagua, walitaja mambo ambayo wakubwa huyakwepa, kama vile ubakaji na ukatili dhidi ya wasichana. Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Hapa waliokilalia ndio waliosema.

Tofauti ya mifano hii si ya mitambo. Warsha za KwaZulu-Natal zilitumia vifaa vichache kuliko filamu za waongozaji wale mashuhuri, na bila shaka picha zake hazikuwa nzuri kama zao. Zilichowazidi ni hatua ile ya kwanza, ya kutaja na kuchagua.

Kenya: tamasha na mtihani

Nchini Kenya mwalimu anayetaka kufundisha kazi hii ana bahati ya kuukuta utamaduni mkubwa wa tamasha la shule. Lakini tamasha lina desturi zake. Kwa kuwa ni mashindano, shule hutafuta ushindi, na aghalabu mswada huandikwa na mwalimu au mtunzi wa kukodiwa. Shauri la shule ya wasichana ya Butere linaonyesha ugumu wake. Mwaka 2013 mchezo wao Shackles of Doom ulizuiwa usionyeshwe katika tamasha la kitaifa, hadi Mahakama Kuu ilipouruhusu. Mwaka 2025 mchezo wao mwingine, Echoes of War, nao ulifikishwa mahakamani. Huko Nakuru wasichana hao waliimba wimbo wa taifa, wakaondoka jukwaani bila kuigiza, na polisi wakatumia gesi ya kutoa machozi.

Hiyo ilikuwa michezo ya jukwaani, si filamu, lakini tamasha ni moja na suala ni lile lile. Michezo yote miwili ilitungwa na mtu mzima, Cleophas Malala, ambaye kati ya mwaka 2017 na 2022 alikuwa seneta wa Kakamega. Waliotaka kuizuia waliweza kudai kwamba yale si maneno ya wanafunzi. Walioitetea waliweza kujibu kwamba wanafunzi waliyakubali na kuyabeba. Pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya jambo ambalo elimu yenyewe ilipaswa kulitatua mapema: ni nani aliyeuliza swali?

Suala la lugha nalo halina budi kutajwa. Mwanafunzi wa Kenya amezoea kwamba Kiingereza ndicho lugha ya kazi inayopewa alama. Akitengeneza filamu juu ya ulevi wa kijijini kwao kwa Kiingereza, waamuzi wataielewa, lakini bibi auzaye pombe ile na baba ainywaye hawataweza kuijibu. Swali lililoulizwa kwa lugha asiyoijua mwulizwa limekatwa mguu mmoja. Kinyume chake, filamu iliyotengenezwa kwa Kiswahili, au kwa Kiluo, Kikamba au Kigiriama, yaweza kurudishwa kijijini na kuonyeshwa barazani. Hapo ndipo kazi ya tatu, ya kuchagua mtazamaji, inapomfikia mwanafunzi.

Hitimisho

Mtaala wa umilisi, ulioanza shuleni mwaka 2017, umeitia sanaa ya maigizo na filamu miongoni mwa masomo ya sekondari ya juu. Hii ni hatua ya kufurahiwa, na pia ina hatari yake. Somo likitahiniwa, jibu sahihi hutafutwa. Na filamu yenye jibu sahihi la tatizo la jamii ndiyo filamu iliyotengenezwa Vugiri mwaka 1935.

Historia hii inampa mwalimu mambo manne ya kuzingatia. Kwanza, kamera isitolewe sandukuni kabla darasa halijataja matatizo yake na kuchagua moja. Pili, lugha ya filamu iwe lugha ya wale wanaohusika na tatizo. Tatu, filamu ionyeshwe kwao kabla ya kupelekwa kwa waamuzi, na majibu yao yasikilizwe. Nne, mwanafunzi alindwe: msichana aliyeigiza aliyebakwa atakutana kesho na majirani walioitazama picha ile, na sura yake haiwezi kufutwa machoni mwao. Mara nyingine yatosha kupiga picha ya mikono, ya mlango uliofungwa, au ya njia ya kwenda mtoni.

Katika hayo manne, matatu hayahitaji fedha wala umeme. Shule isiyo na kamera hata moja yaweza kuanza leo na lile la kwanza, kwa kipande cha chaki na ubao.