Mwandishi, Mganga na Pepo Mtoto: namna ya kuufukua muziki wa anga za juu usiojulikana

Leo tuzungumzie ule muziki wa filamu za vyombo vya angani na mashine zinazofikiri, ule wenye sauti za ajabu ajabu. Vijana wengi wanao kwenye flashi au kwenye simu, lakini faili halina jina. Limeandikwa wimbo namba 01, basi. Ukiupenda huna pa kuendelea, maana hujui kapiga nani, mwaka gani, wala kama yupo mwengine anayepiga hivyo.

Makala hii ni ya kuhifadhi. Kanuni yake ni moja tu: FUATA JINA LA MTU, usifuate jina la wimbo. Na ukifuata majina haya utakutana na jambo ambalo wengi hawalijui, kwamba Kiswahili kimo ndani ya muziki huu tangu zamani.

MUZIKI WENYEWE NI UPI?

Tugawe mafungu mawili. La kwanza ni muziki uliotungwa kwa ajili ya filamu au tamthilia ya kisayansi, ile hadithi ya kubuni kuhusu sayari, roboti au dunia ya miaka ijayo. La pili ni santuri ambazo hazina filamu yoyote, lakini mtungaji kaziwaza kama safari ya angani. Fungu la pili ndilo lililojificha zaidi, kwa sababu hakuna filamu ya kukukumbusha kuwa lipo.

Na tusidhani mambo ya angani yanatuhusu kwa mbali. Pale Tunguu, Unguja, Wamarekani walikuwa na kituo cha kufuatilia vyombo vya angani. John Glenn alipoizunguka dunia tarehe 20 Februari 1962, Zanzibar ilikuwa moja ya vituo vya njiani vilivyozungumza naye kwa redio. Kituo kikafungwa 1964 baada ya Mapinduzi. Halafu tarehe 12 Disemba 1970, kwenye jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Malindi, Kenya, ilirushwa setilaiti ya kuchunguza nyota. Siku hiyo Kenya ilikuwa inasherehekea uhuru wake, na setilaiti ikapewa jina la Uhuru.

BENDI YENYE MAJINA YETU

Siku kumi na tisa baadaye, tarehe 31 Disemba 1970, mpiga kinanda Herbie Hancock aliingia studio San Francisco, Marekani, na bendi yake. Santuri ilitoka 1971 na jina lake ni Mwandishi. Ndiyo, Mwandishi hiyo hiyo unayoijua. Wakati ule Wamarekani weusi wengi walikuwa wanajitafutia majina ya Kiafrika, na Kiswahili ndicho walichokichagua zaidi. Mpiga ngoma James Mtume ndiye aliyewagawia wenzake majina. Hebu soma orodha hii:

- Herbie Hancock (kinanda): Mwandishi
- Buster Williams (besi): Mchezaji
- Billy Hart (ngoma): Jabali
- Eddie Henderson (tarumbeta): Mganga
- Bennie Maupin (saksafoni na zumari): Mwile
- Julian Priester (tromboni): Pepo Mtoto

Usicheke sana. Henderson kuitwa Mganga si mzaha, jamaa alikuwa daktari kweli, aliyesomea udaktari chuoni.

Bendi hii ilitoa santuri tatu za kutafuta: Mwandishi (1971), Crossings (1972) na Sextant (1973). Kuanzia Crossings aliongezwa Patrick Gleeson, mtaalamu wa sintesaiza, yaani mashine inayotengeneza sauti kwa umeme. Hapo ndipo mambo yakawa ya angani hasa: mlio unaotoka mbali, unapinda, unapotea, huku ngoma inaendelea chini yake. Ndani ya Crossings umo wimbo unaoitwa Quasar, jina la kitu cha mbali sana angani chenye mwanga mkali.

Soko lilisemaje? Halikusema kitu. Santuri hazikuuzika, bendi ikala hasara, na mwaka 1973 ikavunjika. Mwaka huo huo Hancock akatoa Head Hunters, muziki wa kucheza, na hiyo ikauzika kupita kiasi. Ndiyo maana watu wengi wanamjua Hancock lakini hawamjui Mwandishi.

JINA MOJA LINAFUNGUA KUMI

Sasa tuijaribu ile kanuni. Chukua jina moja katika ile orodha, uone linakupeleka wapi.

Mshike Pepo Mtoto. Mwaka 1974 Julian Priester alitoa santuri yake, Love, Love, na jina la Pepo Mtoto limeandikwa kwenye jalada. Rudi nyuma, utakuta kwamba miaka ya 1950 huyu bwana alikuwa Chicago akipiga tromboni kwa Sun Ra.

Sun Ra ni nani? Alizaliwa Alabama mwaka 1914, jina lake Herman Blount, akafariki 1993. Yeye alisema waziwazi kwamba asili yake si duniani, ni sayari ya Zohali. Alivaa majoho yanayong'aa, na bendi yake aliiita Arkestra. Alikuwa na lebo yake mwenyewe, Saturn, ikitoa santuri chache chache, nyengine majalada yake yamechorwa kwa mkono. Kwa hiyo zipo santuri zake ambazo zilitoka nakala kidogo sana, na wakusanyaji mpaka leo wanazisaka. Ukitaka pa kuanzia, ipo filamu ya Space Is the Place, iliyotoka 1974. Hadithi yake ni ya Sun Ra mwenyewe kutaka kuwahamishia watu weusi sayari nyengine, na usafiri ni muziki.

Sasa mshike Gleeson. Mwaka 1976 alitoa Beyond the Sun, ambapo alipiga kwa sintesaiza muziki wa Mwingereza Gustav Holst kuhusu sayari. Mwaka 1977 akaupiga muziki wa filamu ya Star Wars kwa mashine zake. Star Wars ya okestra kila mtu anaijua. Hii ya Gleeson waulize kumi, huenda hata mmoja asiijue.

Umeona? Tumeanza na bendi moja, tumefika kwenye filamu mbili na santuri kadhaa bila kubahatisha. Tumesoma majina tu.

UHURA NA WIMBO WAKE

Tamthilia ya Star Trek ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1966. Ofisa wa mawasiliano wa chombo chao aliitwa Uhura, na jina hilo limetokana na neno uhuru. Aliyeigiza ni Nichelle Nichols, aliyefariki 2022, na kabla ya kuigiza alikuwa mwimbaji. Katika sehemu ya The Conscience of the King (1966) anaimba wimbo uitwao Beyond Antares. Mashairi ni ya Gene L. Coon na muziki ni wa Wilbur Hatch.

Mwaka 1967 ikatoka sehemu ya The Changeling. Uhura anaimba wimbo ule ule, mashine ngeni inamsikia, haielewi kuimba ni kitu gani, inamfuta kumbukumbu zote. Wanapoanza kumfundisha upya, lugha inayomtoka ni Kiswahili! Mdau wa Pemba akitazama sehemu ile anaelewa mambo ambayo watazamaji wengi wa Marekani walisikia kama kelele tu.

WALIONYIMWA MAJINA

Hapa ndipo penye uzito. Wako watu walioanzisha muziki huu na majina yao yakafichwa.

Bebe na Louis Barron, mke na mume, walitengeneza muziki wa filamu ya Forbidden Planet (1956). Ilikuwa filamu kubwa ya kwanza ambayo muziki wake wote ni wa vyombo vya elektroniki. Walijitengenezea saketi zao wenyewe, wakarekodi milio yake, nyengine ikitoka saketi inapoungua. Chama cha wanamuziki hakikupendezwa, na kwenye filamu kazi yao haikuitwa muziki. Ikaandikwa kuwa ni milio ya kielektroniki. Kisichoitwa muziki hakishindanii tuzo ya muziki.

Delia Derbyshire alifanya kazi BBC, London. Mwaka 1963 alipewa karatasi yenye tuni ya Ron Grainer kwa ajili ya tamthilia ya Doctor Who. Hapakuwa na sintesaiza za kununua dukani. Alirekodi sauti mojamoja, akakata tepu vipande kwa wembe, akaviunganisha sauti baada ya sauti mpaka wimbo ukakamilika. Grainer mwenyewe alitaka Delia agawiwe haki, lakini taratibu za BBC hazikuruhusu. Delia alifariki 2001, na zikapatikana tepu zake 267. Jina lake lilikuja kuonekana kwenye skrini mwaka 2013, katika kipindi cha kuadhimisha miaka 50 ya tamthilia hiyo.

Na upande wa pili wa shilingi: Gene Roddenberry, mwenye Star Trek, aliandika maneno ya kuimbwa juu ya muziki wa ufunguzi uliotungwa na Alexander Courage. Maneno yale hayakuimbwa hata siku moja kwenye tamthilia, lakini kwa kuwa jina lake limo, nusu ya malipo ikawa yake. Jina ni pesa, jamani.

KWETU AFRIKA MASHARIKI

Hizi mbili anza nazo.

Pumzi (2009), filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu. Dunia imeshapigana vita vya maji, watu wanaishi ndani ya jengo lililofungwa, hata jasho linachujwa likanywewa. Msichana Asha anapata udongo wenye uhai. Maneno ni machache mno, kwa hiyo muziki ndio unaobeba hadithi. Mtungaji ni Siddhartha Barnhoorn wa Uholanzi.

Neptune Frost (2021), ya Saul Williams na Anisia Uzeyman. Ilipigwa Rwanda, hadithi yake iko Burundi, na Kiswahili ni moja ya lugha zinazosikika humo. Wachimbaji wa koltani na wadukuzi wa kompyuta wanakutana kijijini kwenye vyuma na vipande vya kompyuta mbovu. Muziki ni wa Saul Williams, na nyimbo zilitoka kama albamu Unanimous Goldmine (2022). Ukiitazama kumbuka kuwa madini yanayotoka kwenye koltani yamo ndani ya simu uliyoshika.

Ukimaliza hizo, iko Kizazi Moto (2023), mkusanyiko wa katuni kumi za Kiafrika za kisayansi, zikiwemo za Mkenya Ng'endo Mukii na Mganda Raymond Malinga. Kila katuni ina watu wake wa muziki. Usizime yanapoanza kupita majina ya mwisho.

UKIFIKA KAFE

1. Andika majina kwenye karatasi nyumbani, kabla hujalipia saa. Dakika za kufikiri nazo zinalipiwa.

2. Tafuta jina la mtu pamoja na mwaka. Ukiandika "mwandishi" peke yake utaletewa magazeti na vitabu. Ukiandika "pumzi" utaletewa ugonjwa wa pumu. Andika "Herbie Hancock Mwandishi 1971" na "Wanuri Kahiu Pumzi 2009".

3. Fungua Discogs, daftari kubwa la santuri lililoanza 2000. Linaonyesha nani kapiga chombo gani katika santuri ipi. Kurasa zake ni za maandishi zaidi, hazili bando kama video.

4. Jaribu Internet Archive kwa rekodi za zamani, na Bandcamp kwa wasanii wadogo. Bandcamp mara nyingi unasikiliza kwanza, na ukinunua sehemu kubwa ya pesa inamfikia msanii.

5. Ukihifadhi faili, lipe jina kamili hapo hapo: mtungaji, wimbo, mwaka. Ukimpa mwenzako flashi, mpe na majina.

Hiyo namba 5 ndiyo kubwa kuliko zote. Muziki wa Delia ulisikika majumbani miaka hamsini bila jina lake kuonekana, na wala haukuwa muziki uliopotea. Sasa fikiria muziki wa kijana wa Micheweni anayetengeneza biti kwenye kompyuta ya kuazima kwa ajili ya filamu fupi ya wenzake wa skuli. Ukisambazwa simu kwa simu bila jina, baada ya mwaka mmoja ni wimbo namba 01. Nani atamtafuta, na kwa jina gani?

Haya wadau, kazi kwenu. Anayejua muziki mwengine wa aina hii kutoka Pemba, Unguja, Mombasa au popote pale, aandike hapo chini. Lakini aandike na jina la aliyeutunga.