Rafiki Anayekuja Ukiwa Umeisha

Sisi wa Kiplombe tunaandika "Uasin Gishu" kwa kila fomu, lakini uliza wasee kumi jina lilitoka wapi, tisa watakuangalia tu. Ni jina la Wamaasai. Ilwuasin-kishu walilisha ng'ombe kwa huu uwanda wetu hadi karne ya 19, wakapigana na Wamaasai wenzao, wakapigana na Wanandi, wakasambaratika. Wajukuu wao wengine wako Trans Mara hadi leo. Huku kwetu kulibaki jina.

Watu wakipungua, ardhi yao huanza kuitwa tupu. Mwaka wa 1903 Joseph Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, aliwaahidi viongozi wa Wayahudi sehemu ya uwanda huu, na hakuna mtu wa huku aliyeulizwa. Wakatuma watu kukagua, halafu 1905 wakakataa. 1908 wakaja Makaburu na magari yao ya kukokotwa na maksai. Shamba namba 64 ndilo lililozaa Eldoret, ndiyo maana wazee bado wanaiita Sisibo, yaani sitini na nne.

Sasa tuongee kuhusu Wamaasai waliobaki kule kusini na Bonde la Ufa, kwa sababu hapo ndipo kuna somo.

Kuanzia 1890 mambo yalianguka kwao yote kwa mpigo. Sotoka iliua ng'ombe karibu wote. Ndui ikafuata, ikaua watu. Njaa ikamalizia. Mwaka huo huo wa 1890 laiboni mkuu, Mbatian, akafa, na wanawe wawili, Sendeu na Olonana, wakaanza kupigania nafasi yake. Jamii iliyokuwa inatisha misafara yote ya pwani ikawa inatafuta chakula kwa majirani.

Olonana akaegemea Waingereza. Na msimcheke. Una watu wachache, ng'ombe hakuna, ndugu yako anakuwinda, na kuna jamaa wa nje mwenye bunduki anasema tuwe marafiki. Wewe ungefanya nini? Waingereza nao walikuwa wachache wakati huo, wakajenga reli huku wakihitaji watu wa mkuki. Kwa hivyo urafiki ulikuwa wa faida pande zote mbili. 1905 mashujaa wa Kimaasai walikuwa upande wa Waingereza katika vita dhidi ya Wanandi, vita ambavyo Richard Meinertzhagen alimuua Koitalel arap Samoei tarehe 19 Oktoba, kwa mkutano ulioitwa wa amani.

Lakini kabla ya hapo, Agosti 1904, rafiki alikuwa ameshaleta karatasi. Wamaasai watoke Bonde la Ufa, waende Laikipia na sehemu ya kusini, na hiyo itakuwa yao maadamu Wamaasai wapo duniani. "Maadamu" hiyo ilidumu miaka saba. 1911 ikaja karatasi ya pili: tokeni Laikipia pia, walowezi wanaitaka.

Hapo ndipo mashaka yalitoka hadharani. Legalishu, kiongozi wa kule Laikipia, alipinga kuhama. Halafu Wamaasai wakafanya kitu ambacho sikuwahi kusoma shuleni: wakaenda kortini. Kesi ya Ole Njogo, 1913. Korti ikasema hivi: mikataba hii ni ya mataifa mawili, nyinyi ni taifa geni mbele ya Uingereza, kwa hivyo korti haina uwezo wa kuiamua. Soma tena polepole. Walikuwa taifa huru siku ya kunyang'anywa peke yake. Siku ya kuhamishwa kwa nguvu, walikuwa raia wa kuamrishwa tu.

Kwangu mimi kosa halikuwa kutafuta rafiki. Shida ni kwamba hakukuwa na mahali pa kumshtaki rafiki akigeuka.

Ndiyo maana sikupiga makofi Juni 2024 Marekani ilipotutaja mshirika mkuu asiye mwanachama wa NATO, wala sikutukana. Niliuliza swali la Ole Njogo: tukikosana, kesi itasikizwa wapi? Sisi si Wamaasai wa 1890. Sensa ya 2019 ilituhesabu milioni 47.6, hatuko karibu kuisha. Na tuna kitu ambacho wao hawakuwa nacho. Januari 2024 Mahakama Kuu ilizuia polisi wetu kupelekwa Haiti, ikasema hakuna makubaliano rasmi na nchi hiyo. Serikali ikalazimika kutafuta sahihi Machi. Polisi waliondoka Juni hata hivyo, na Februari 2025 mmoja wao akauawa huko. Lakini angalau kuna mtu aliuliza karatasi iko wapi, na jaji hakusema si kazi yake.

Mtu akikwambia kuuliza maswali kuhusu washirika wa nchi ni kukosa uzalendo, mwambie Wamaasai waliuliza 1913, na bado wanauliza. Agosti 2004, miaka mia moja kamili baada ya karatasi ya kwanza, waliandamana wakidai Laikipia irudishwe. Maswali ambayo hayaulizwi kabla ya sahihi huja kuulizwa na wajukuu, na wajukuu hawana cha kushika isipokuwa jina kwa fomu.