JOTI AU MASANJA? UBISHI WA ZE COMEDY BADO MBICHI

Wadau, kabla ya klipu za kwenye simu kulikuwa na Ze Comedy ya EATV, iliyokuja kuhamia TBC1 na kuitwa Ze Orijino Komedi. Nani alikuwa staa mkuu? Tupa swali hilo kijiweni, iwe Kilangali au Mikumi mjini, uone moto. Masanja Mkandamizaji alikuwa na mdomo, aisee. Mpoki naye hakuwa wa kubeza. Lakini taji ni la Joti. Leo bibi, kesho mtoto, keshokutwa Asha Ngedere, na kila mmoja ana sauti yake na mwendo wake. Masanja alibaki Masanja. Wa kumtetemesha Joti alikuwa Vengu, ila maradhi yalimtoa mapema kwenye luninga.