Sauti na Herufi za Kiswahili

Mtu asemapo hutoa sauti, na sauti haina umbo. Herufi ni alama zilizotungwa ili jicho lione kile ambacho sikio limesikia. Basi kazi ya kwanza ya ajifunzaye kusoma ni kuijua sauti ya kila alama.

Wazee wetu wa pwani walikiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi, na tenzi zao zimesalia hata sasa. Lakini Kiarabu kina alama tatu tu za irabu fupi. Kasra ilitumika kwa i na kwa e, na dhumma kwa u na kwa o. Hivyo kuku wa kufugwa na koko ya embe viliweza kuandikwa namna moja. Tena Kiarabu hakina p, na wengi waliandika b mahali pake, hata paka akaweza kusomwa baka. Aliyelijua shairi kwa moyo hakupata taabu, bali mtoto alilazimika kubahatisha.

Krapf, mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844, akakiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi. Baada yake Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Kanuni yake ilikuwa nyepesi: irabu zisomwe kama za Kiitalia, na konsonanti kama za Kiingereza. Irabu tano zikapata alama tano. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa ulichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu; na Kamati ya Lugha, iliyoanza mwaka 1930, ikasawazisha tahajia katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja.

Faida ya kazi hiyo humfikia mtoto. Mtoto wa Uingereza hukuta herufi zile zile zikitamkwa hivi katika neno moja na vile katika jingine. Wetu akijua ma, me, mi, mo, mu, huzisoma popote azionapo. Kwa hiyo twawasihi walimu na wazazi waanze na sauti, si majina ya herufi. Atajaye "em, a, em, a" hajasikia mama. Asemaye ma-ma amesikia. Kisha waonyeshe tofauti ya ngoma na ng'ombe, ya thamani na dhamana.

Hata hivyo maandishi hayasemi yote. Barabara ya kupitia na kazi iliyofanywa barabara huandikwa sawasawa, ingawa mkazo wa sauti hutofautiana. Hapo msomaji hana budi kutafuta maana. Na tumfundishe mtoto yote mawili: kuitoa sauti ya herufi, na kuuliza neno lasema nini.